Shajara ya mradi: keekee ya kutu, biti 11 na kidude ambacho hakuna aliyekijua

Naandika hii kwa sababu nilipotafuta namna ya kufufua keekee ya mkono nilikuta watu wengi wanaonyesha picha ya kutu afu picha ya chuma kinang'aa, pale katikati ambapo mambo yanavunjika hawasemi kitu. Mimi nitaandika hasa yaliyovunjika. Kila hatua ikiisha naongeza tarehe. Anayetaka kuiga aige, ila aanze na sehemu za makosa, ndo zenye faida.

4 Januari. Sanduku limefunguliwa

Sanduku la mbao, bawaba zimekufa, nimepewa na fundi mmoja aliyestaafu ambaye mikono haimruhusu tena. Ndani kuna keekee moja, ile yenye mkono uliopinda kama herufi U, juu ina kichwa cha mbao cha kukandamiza kwa kiganja au kifua, chini ina mdomo wa kushika biti, yaani kile chuma kinachotoboa. Biti za msokoto 11. Msumeno wa mkono. Bisibisi ya kusukuma. Na kidude.

Kidude ni chuma kizito saizi ya ngumi. Mbele kina tundu la duara, kidole gumba kinapita. Ukingoni mwa tundu kuna kisu kidogo kimekazwa kwa skrubu, kimelala kabisa kama kimechoka. Nyuma kina mkia wa pembe nne unaochongoka. Hakina jina, hakina namba, labda vipo chini ya kutu.

Tuko wanne tunaokutana kwenye benchi kila Jumamosi, basi nikakiweka katikati ya meza nikasema kila mtu aseme ni nini. Mdogo wetu, ambaye hana subira hata ya kukishika, akasema papo hapo: "Kichongeo cha penseli cha jitu." Dada wa patasi akasema hapana, hiyo ni kengele ya baiskeli iliyomezwa na bomba la maji. Mzee akakigeuza mara tatu, akakinusa (huwa ananusa kila chuma, anasema mafuta ya zamani yana habari), akatangaza kwamba ni kifaa cha kung'olea meno ya tembo mwenye adabu, anayekaa kimya. Tulicheka mpaka keekee ikaanguka mezani, na hapo ndo tukagundua kichwa chake kimepasuka. Haikupasuka kwa kuanguka, ufa ulikuwa na vumbi la zamani ndani.

Msumeno nao ukaleta vita yake. Mgongoni karibu na ncha una kale kadutu kadogo, kama jino lililoota mahali siyo. Wapenzi wa misumeno ya zamani wamebishana kuhusu hako kadutu miaka na miaka. Dada anasema ni ka kufungia kamba ya kulinda meno. Mdogo anasema ni ka kuanzishia mkato. Mzee yeye akawa na jibu la kufunga mjadala: kampuni ya Disston ya Philadelphia, ambayo ilitengeneza misumeno kuliko karibu mtu yeyote, iliandika yenyewe kwenye kitabu chake kwamba hakana kazi yoyote, ni urembo tu wa kuvunja mstari ulionyooka wa mgongo. Kimya kidogo. Afu dada akasema, "Basi mzee, kampuni nayo imesahau." Na vita ikaanza upya.

Bisibisi ya kusukuma nimeiweka pembeni kwa leo, ila onyo kwa atakayeipata: ile ni aina ya Yankee, walioitengeneza ni North Brothers wa Philadelphia mpaka Stanley ikawanunua mwaka 1946. Ndani ina fito la msokoto, ukisukuma mpini ncha inazunguka yenyewe. Zile zenye springi, ukiifunga ikiwa fupi springi imebanwa ndani, mtu akigusa kitufe fito linachomoka kama mshale. Usiishike ikikutazama usoni, na usimpe mtu ikiwa fupi.

Mpango: kufufua keekee, kunoa biti, kujua kidude ni nini, kisha kutengeneza kigoda cha miguu mitatu bila mashine kugusa mbao.

11 Januari. Kufungua keekee, na springi niliyoipoteza kwa siki

Mdomo wa keekee ulikuwa umeganda. Mafuta ya taa siku tatu, kila siku kugongagonga taratibu kwa nyundo ya mbao, siku ya tatu ukafunguka. Hilo halina hadithi.

Ndani ya mdomo kuna taya mbili zenye mfereji wa V, zinashika mkia wa biti kwenye kona zake. Mtindo huu wa ganda linalozungushwa likabana taya ulipewa hataza mwaka 1864, wa Barber, na Millers Falls wa Massachusetts ndo walioueneza. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji ufunguo, unashika ganda kwa mkono mmoja na kuzungusha mkono wa keekee kwa mwingine, basi. Ubaya ni kwamba umezaliwa kwa mikia ya pembe nne. Nilijaribu biti ya mviringo ya drili ya kawaida humo, ikateleza ikizunguka peke yake, ikaacha mikwaruzo ndani ya taya ambayo nimetumia nusu saa kuisawazisha kwa tupa ndogo. Usifanye hivyo.

Kosa kubwa la siku ni siki. Kati ya taya mbili kuna kispringi chembamba cha waya kinachozisukuma zifunguke. Nikaona taya zina kutu nyingi, nikazitumbukiza na springi yake ndani ya siki, nikaenda kulala, asubuhi nikasahau, nikarudi baada ya saa kama 30. Taya zimetoka za kijivu, zimeumwaumwa kidogo, zinafaa. Springi nilipoibana kidogo tu ikakatika kama kijiti kikavu. Nilipouliza nikaelewa: asidi ikila chuma inatoa haidrojeni, sehemu yake inaingia ndani ya chuma, na chuma kigumu cha springi kinakuwa cha kuvunjika. Chuma laini hakijali sana. Kwa hiyo springi zote toa kabla, zisugue kwa msasa kwa mkono, hata kama inachosha.

Racheti, ile pete inayokuwezesha kukaza nusu mzunguko ukiwa kwenye kona ambapo mkono hauzunguki wote, ilikuwa imejaa mafuta yaliyogeuka gundi. Mafuta ya taa tena, brashi ya meno, tone moja la mafuta ya cherehani. Sasa inalia tik tik tik na mdogo hataki kuiachia, amezunguka nayo benchini jioni nzima.

Gharama ya hatua hii: siku tatu za kusubiri, saa 4 za kazi, springi moja.

18 Januari. Kutu kwa umeme, na biti namba 5

Baada ya siki nikaamua biti nizisafishe kwa umeme. Ndoo ya plastiki, maji, magadi ya kufulia kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita 4, chaja ya betri ya gari ya volti 12, na kipande cha chuma cha kawaida cha kutoa kafara. Waya hasi kwenye kifaa unachotaka kusafisha, waya chanya kwenye chuma cha kafara, na viwili hivyo visigusane.

Mambo manne kabla hujaanza. Chuma cha kafara kisiwe kile kisichoshika kutu, kina kromiamu ndani yake na inaweza kuyeyukia majini ikiwa katika hali yenye sumu kali. Fanya nje au penye hewa, kwa sababu mapovu unayoyaona kwenye kifaa ni haidrojeni, inawaka. Zima chaja kwanza ndo uguse waya. Na chaja za kisasa zenye akili hazitaki kuanza kama hazioni betri: yangu ya kwanza ilikaa inapepesa taa nyekundu robo saa nzima huku sisi wanne tumeizunguka ndoo kama wagonjwa wanaosubiri daktari, mpaka dada akaleta chaja ya zamani nzito isiyo na akili, ikafanya kazi pale pale.

Na hapo kwenye furaha ya chaja mpya ndo nikafanya kosa. Nilibadilisha chaja nikarudisha vibanio kwa haraka, nyekundu ikaenda kwenye biti. Ukigeuza hivyo kinacholiwa ni kifaa chako, siyo kafara. Tulikaa tunabishana kuhusu kidude dakika 40 hivi, nilipochungulia maji yamekuwa ya kahawia mazito na biti namba 5 imejaa mashimo. Skrubu ya ncha, ile ndogo inayovuta biti ndani ya mbao, nyuzi zake zimekwisha kabisa, imekuwa sindano butu. Biti ya msokoto bila skrubu ya ncha unaweza kuisukuma mpaka jasho likuishe, haitaingia. Nilisikitika kweli, chuma kimekaa miaka mingi kinasubiri mtu afu mtu mwenyewe nikakimaliza kwa dakika 40.

Tangu hapo nimefunga utepe mweusi kwenye mpini wa kibanio hasi na nimeandika kwenye ndoo kwa rangi: NYEUSI = KIFAA. Ukiona mapovu mengi yanatoka kwenye kifaa uko sawa. Yakitoka kidogo kwenye kifaa na mengi kwenye kafara, zima haraka.

Biti 10 zilizobaki zilikaa saa 5 hadi 8 kila fungu, nikizigeuza katikati kwa sababu umeme unasafisha vizuri upande unaotazamana na kafara. Zikitoka zina weusi laini, unasugua na brashi ya waya chini ya maji. Zikaushe papo hapo na upake mafuta, ukichelewa hata kidogo kutu mpya ya rangi ya chungwa inarudi ukitazama.

Kidude nacho kilipita ndooni, kisu na skrubu nimevitoa pembeni. Chini ya kutu hakuna jina. Kuna mistari midogo ya vipimo kwenye ukingo, na taya mbili za tundu zinasogea! Tundu linaongezeka na kupungua. Mzee akakaa kimya dakika nzima. "Basi meno ya tembo ni ya saizi mbalimbali," akasema.

25 Januari. Springi mpya na kichwa

Springi: waya wa chuma cha springi unene wa milimita 1, nimeukunja kwa koleo kufuata umbo la ile iliyovunjika. Wa kwanza ulikuwa na nguvu mno, taya zikawa zinaruka nje. Wa pili ukakaa.

Kichwa cha mbao: ufa nimeujaza gundi nikabana kwa mpira wa baiskeli siku moja, msasa kidogo, mafuta ya kitani mara tatu. Hapa onyo moja tu ila zito. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto, kitambaa kilichofinyangwa kinalitunza hilo joto, na kinaweza kuwaka chenyewe bila moto. Vitandaze nje vikauke vyote au viloweke majini.

Jioni mzee akatukumbusha kwamba hii ya mkono uliopinda ni mjukuu. Keekee yenyewe, anasema, ni ile ya uta: chuma, msukano unaozungushwa kwa kamba ya uta, na jivu juu la kukandamizia. Dada akamuuliza ipi bora. Mzee akakubali kwa shingo upande kwamba uta unakwenda mbele na kurudi nyuma kwa hiyo nusu ya safari haikati vizuri, na haiwezi kuvuta biti yenye skrubu ya ncha maana itaifungua tena ikirudi. Mkono uliopinda unazunguka upande mmoja tu bila kukatisha. Na siyo wa juzi, karakana ya mchoraji Robert Campin ilimchora Yusufu seremala akitoboa ubao kwa keekee ya namna hii karibu mwaka 1430. "Kwa hiyo mjukuu ana miaka 600," dada akasema. "Shikamoo yake," mdogo akaijibia keekee.

8 Februari. Kunoa biti, na namba 8 niliyoiharibu

Sehemu hii nataka isomwe taratibu.

Biti za msokoto zina namba kwenye mkia, na namba ni sehemu za inchi gawanya kwa 16. Namba 4 ni robo inchi, namba 8 ni nusu, namba 16 ni inchi nzima yaani milimita 25.4. Kati ya 10 nilizobaki nazo, sita ni za msokoto wa mara mbili, mtindo wa Russell Jennings wa mwaka 1855, nne zina nguzo katikati na msokoto mmoja umeizunguka, mtindo uliojulikana kwa jina la Irwin. Za Jennings zinatoa tundu safi zaidi. Zenye nguzo hazipindi kirahisi na zinatoa maranda haraka kwenye tundu refu. Mzee anapenda Jennings, dada anapenda Irwin, na kuwaweka kwenye ubao mmoja ni kutafuta kesi.

Kila biti inakata kwa sehemu tatu. Skrubu ya ncha inavuta. Kucha mbili za pembeni zinachora duara na kukata nyuzi za mbao. Visu viwili vya chini vinainua maranda. Tupa yake ni nyembamba, na ukikosa maalum tumia tupa ndogo ya kawaida uliyosaga kingo zake zisikate, ili usichome mahali usipotaka.

Kucha unazinoa kwa NDANI tu. Visu unavinoa upande wa juu, ule unaotazama mkia, chini usiguse.

Mimi nilijua hiyo kanuni, ila namba 8 ilikuwa na kisugu, yaani kinundu kidogo cha chuma, nje ya ukucha mmoja, nikasema nikipiga tupa mara chache tu nje itakuwa safi. Nikapiga mara sita hivi, kila upande. Nikaifunga kwenye keekee, nikaanza kutoboa, ikaenda sentimita moja vizuri afu ikabana. Kaza, haiendi. Nikaweka kifua juu ya kichwa, kaza tena, ikalia kama paka. Sababu: kucha sasa zinachora duara dogo kuliko mwili wa biti unaofuata nyuma. Biti inatoboa tundu ambalo yenyewe haienei. Hakuna dawa, chuma ulichokitoa nje hakirudi. Kisugu cha nje kinatolewa kwa kulaza biti juu ya kinoo bapa na kuizungusha mara moja kwa wepesi, basi. Namba 8 nimeitundika ukutani karibu na namba 5.

Visu vya chini ukivinoa kwa chini kosa lake ni la aina nyingine: kisigino cha kisu kinagusa mbao kabla ya ukali, skrubu ya ncha inavuta, kisu hakikati, mwisho skrubu inang'oa nyuzi zake kwenye mbao na biti inazunguka bure. Hilo sikulifanya mimi, alilifanya mdogo kwenye biti yake, tukalisikia kwa mlio.

Skrubu za ncha zilikuwa zimejaa uchafu mgumu mfereji hadi mfereji. Tupa haiingii humo. Dawa yake ni uzi wa pamba uliopakwa grisi na unga wa kusugulia, unauzungusha kwenye mfereji unauvuta huku na huku kama unapiga mswaki. Dakika 10 kwa biti moja, na tofauti yake kubwa kuliko kazi nyingine yote niliyofanya. Namba 16 kabla ilikuwa inabidi niilalie. Baada ya uzi inaingia yenyewe, mimi nazungusha tu.

Nimepima pia: mizunguko 10 ya namba 16 yangu inashuka karibu milimita 23. Kwa hiyo kina cha tundu nahesabu kwa mizunguko, sihitaji alama.

Gharama: saa 9 kwa biti 10, tupa moja imeisha, biti moja ukutani.

15 Februari. Kidude kimejulikana

Ni dada aliyekiona. Alikuwa anapanga biti mezani kwa mkia, akaweka kidude mwisho wa mstari, akasema, "Huyu naye ana mkia kama wao." Mkia wa pembe nne unaochongoka, sawasawa na wa biti. Tumekitazama wiki sita tunatazama mdomo wake, mkia hatukuutazama.

Tukakifunga kwenye keekee. Kikashika. Tukakisukuma kwenye ubao, kikazunguka juu juu hakitoboi kitu, maana katikati ni tupu. Mzee akasema keekee gani hii isiyotoboa. Mdogo, ambaye tangu siku ya kwanza hajaacha wazo lake, akachukua kijiti kilichokuwa chini, akakifunga kwenye jiliwa kikiwa kimelala, akasukuma kidude juu ya ncha ya kijiti akazungusha. Kisu kikaanza kutoa maranda membamba kuzunguka kijiti chote, na alipokitoa, mwisho wa kijiti umekuwa ulimi wa duara, mnyoofu, wenye bega.

Kelele zilizotoka hapo zimeleta majirani.

Kumbe ni keekee ya kinyume. Biti inatengeneza tundu, hiki kinatengeneza kile kinachoingia kwenye tundu. Mafundi wa magurudumu ya mbao walikitumia kwenye ncha za spoku, zile zinazoingia kwenye duara la nje, na taya zinasogea ili upate ulimi wa saizi ya biti uliyonayo. Mistari ya ukingoni ni saizi. Nyuma ya tundu kuna fito ambalo tulidhani limevunjika, kumbe ni la kuzuia kina, linagusa mwisho wa ulimi ukifika urefu ulioutaka.

Na sasa sikia hii. Kisu hakiwezi kuanza kwenye ncha butu, kinagonga tu. Inabidi ncha ichongwe kwanza iwe na mshazari, na mafundi wale walikuwa na kifaa kingine cha kufungwa kwenye keekee hiyo hiyo kwa kazi hiyo tu, umbo lake faneli yenye kisu ubavuni. Yaani kichongeo cha penseli. Kikubwa. Mdogo aliposikia hivyo alipanda juu ya benchi.

22 Februari na 1 Machi. Ulimi uliopinda, ulimi uliolegea

Jumamosi mbili za makosa, ndo sehemu niliyojifunza zaidi.

Kisu cha kidude kwanza. Nilikinoa pande zote mbili kama kisu cha kawaida, ulimi ukatoka na mawimbi na mwembamba mwishoni. Kisu kile kinanolewa kama cha randa: mgongo bapa kabisa juu ya kinoo, mshazari upande mmoja tu.

Hatuna kile kichongeo, kwa hiyo mshazari wa kuanzia nauchonga kwa kisu na patasi. Usiwe mfupi, upana wa kidole, na uwe katikati. Ukiwa upande mmoja, kidude kinaanza upande mmoja.

Ulimi kupinda: miguu ya kwanza miwili ilitoka na ulimi unaotazama pembeni. Nilikuwa nasimama nyuma ya keekee naona imenyooka kushoto na kulia, ila juu na chini sioni, na kifua kinaikandamiza bila kujua. Tumejaribu mtu mmoja kukaa pembeni na kusema "panda, shuka", ikafaa mpaka mzee na dada waliposema panda na shuka kwa wakati mmoja. Kilichomaliza tatizo ni kioo kidogo nilichokisimamisha pembeni ya jiliwa, na mstari wa kalamu katikati ya mguu, upande wa juu na upande wa ubavu. Mstari wa juu nautazama moja kwa moja, wa ubavu nautazama kwenye kioo. Ulimi wa tatu umetoka mnyoofu.

Saizi: usiseti kidude kwa kutumia rula. Namba 16 yangu inatoboa zaidi ya inchi kidogo, ulimi wa inchi kamili ulikuwa unacheza. Toboa tundu la majaribio kwenye kipande cha mbao ile ile ya kiti, afu seti kidude mpaka ulimi uingie kwa kugongwa na nyundo ya mbao. Nilitumia vijiti 6 kufika hapo.

Na kosa la mwisho ni la mpangilio. Ulimi unatakiwa uwe mkavu kuliko kiti, ili ukishaingia unyonye unyevu kidogo, uvimbe, ujifunge wenyewe. Wanaotengeneza viti kwa namna hii wanakausha ndimi ndani ya mchanga wa moto. Nikafanya hivyo, kopo la mchanga juu ya moto mdogo, ndimi zimezikwa ndani. Wa kwanza uligusa chini ya kopo ukaungua, acha mchanga vidole viwili chini yake. Zilizobaki zilikauka vizuri, ila nilikuwa nimeshazichonga saizi kamili kabla. Mbao ikikauka inasinyaa, na haisinyai sawa pande zote, kwa hiyo duara langu limekuwa yai na linaingia tunduni bila kugongwa.

Mpangilio sahihi: chonga ulimi mnene kwanza kwa kisu, kausha, kisha pitisha kidude kwa saizi kamili. Miguu mitatu mipya.

Gharama: miguu 5 imeharibika, Jumamosi mbili.

15 Machi. Kigoda

Matundu ya kiti nimetoboa kwa namba 16, pembe nimeseti kwa guni la kukunja (kipimo cha pembe) nikalisimamisha karibu na biti, na kile kioo tena. Toboa mpaka skrubu ya ncha ichungulie upande wa pili, acha, geuza kiti, anzia kwenye kale katundu ka skrubu umalizie. Ukipitiliza moja kwa moja unang'oa vipande upande wa chini. Tundu la kwanza niliangalia mlio badala ya skrubu na nikang'oa kipande saizi ya kucha, nimekigundisha, kinaonekana ukikitafuta.

Ndimi zina mpasuo kwa ajili ya kabari. Panga mpasuo ili kabari ikatize nyuzi za kiti, isilale nazo sambamba, la sivyo kabari itapasua kiti chenyewe. Nyundo, mlio ukabadilika kutoka dup kwenda dang, hapo ndo imefika.

Miguu mitatu haichezi popote inapowekwa, kwa hiyo hakuna kukata wala kusawazisha. Mzee amekaa wa kwanza. Ameinuka, akakinusa, akakaa tena.

Yaliyobaki: kutafuta ile faneli ya kuchongea, kunoa msumeno (na kadutu kake kabaki vile vile), kuijaribu bisibisi ya Yankee ikiwa imeelekezwa ukutani. Sanduku nimeliwekea bawaba mpya na ndani ya kifuniko nimeandika majina ya kila kifaa mbele ya nafasi yake. Kwenye nafasi ya kidude niliandika keekee ya kinyume. Jumamosi iliyofuata nilipofungua, chini yake kuna maandishi mengine kwa kalamu ya seremala, herufi kubwa: NA MWENZAKE KICHONGEO CHA JITU, YUKO NJIANI.